Kuandika riwaya ya upelelezi ya watoto: mirathi ya babu na dalili alizoziacha

Ukitaka kujua kama watoto wanapenda habari za mirathi, nenda kwenye msiba uwatazame. Watu wazima wakishaanza kunong'ona ukumbini kuhusu shamba na hati, watoto huacha mchezo, huja kukaa karibu na mlango, wakajifanya hawasikii. Hao ndio wasomaji wako, na wanajua mengi kuliko wanavyodhaniwa.

Tatizo la miswada mingi ya aina hii ni ramani. Babu amekufa, kuna ramani ya zamani, kuna alama ya msalaba, kuna sanduku la dhahabu. Babu wa nani huyo? Mzee wa pwani mwenye mikarafuu yake hachori ramani ya dhahabu. Akiwa na siri, ataiacha kwenye vitu vyake mwenyewe: bao lake, kanga ya mkewe, jina la rafiki yake. Hadithi zetu zinaijua kazi hii tangu kale. Fumo Liyongo, akiwa kifungoni kwa ajili ya ugomvi wa kurithi utawala, alimtuma kijakazi Saada kwa mamaye ampelekee tupa, kile chuma cha kukerezea, ndani ya mkate wa wishwa (pumba). Walinzi walikuwa na kawaida ya kujichukulia mkate mzuri na kumwachia yeye wa wishwa. Tupa ikapita kwa uroho wao. Hakuna ramani pale, kuna mtu anayewajua walinzi wake.

Katika mwongozo huu nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: riwaya ya watoto wa miaka tisa hadi kumi na tatu, inayotokea kijijini karibu na Wete, Pemba, mwaka 1998. Mize ana miaka kumi na mmoja, baba yake alifariki zamani. Sasa babu yake, Mzee Faki, amefariki pia. Binamu yake Makame ana miaka kumi na miwili.

Hatua ya 1: Anza na mali, uipige hesabu

Kabla hujaandika sentensi moja, andika kwenye karatasi: marehemu ameacha nini, na kila mtu anapata ngapi. Hesabu hii ndiyo itakayokupa hadithi.

Mzee Faki ni Muislamu wa Zanzibar, kwa hiyo mirathi yake inakwenda Mahakama ya Kadhi. Utaratibu unajulikana: kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia kama upo, ndipo warithi wagawane kinachobaki. Wasia hauvuki theluthi ya mali, na haupewi mtu ambaye tayari ni mrithi ila warithi wenzake wakiridhia.

Sasa mtazame Mize. Baba yake alikufa kabla ya babu, na ami zake wapo hai. Kwa fikihi ya Kisunni, watoto wa kiume wa marehemu wanamzuia mjukuu, kwa hiyo Mize hapati kitu kwa njia ya urithi. Na kwa kuwa si mrithi, babu yake anaweza kumuusia mpaka theluthi. Bila karatasi ya wasia hana lake. Hiyo ni hadithi tayari, na hukuihitaji dhahabu.

Tia namba zinazogawika vizuri, maana mtoto atazihesabu. Mzee Faki ameacha mikarafuu 72, mke mmoja, watoto wa kiume watatu na binti mmoja. Wasia ukipatikana, Mize anapata miti 24. Inabaki 48, mjane anachukua thumuni (sehemu moja ya nane), yaani 6, zinabaki 42, kila mwana wa kiume anapata 12 na binti 6. Wasia usipopatikana, mjane anapata 9, kila mwana wa kiume 18, binti 9. Kila ami anafaidika kwa miti sita karatasi ile ikipotea. Mwache Makame apige hesabu hii kwa kete za bao, sura ya nne, halafu anyamaze, kwa sababu ameona kwamba baba yake ni mmoja wa wanaofaidika.

Mpe msomeshaji wa fikihi aipitie sura hiyo kabla hujaipeleka popote. Na ukiihamisha hadithi, sheria inahama nayo: Tanzania Bara utakutana na Mahakama ya Mwanzo na msimamizi wa mirathi; kihamba cha Uchagani, yaani shamba la ukoo, kina utaratibu wake wa nani anabaki kwenye nyumba ya wazazi. Usichanganye.

Kuhusu shamba lenyewe, lifanye dogo. Mashamba makubwa Zanzibar yalitaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964 na watu wakagawiwa eka tatu tatu. Ukimpa Mzee Faki shamba la kupotea ndani yake, msomaji mzee wa Pemba atafunga kitabu.

Hatua ya 2: Jibu swali la kwa nini hakusema tu

Hapa ndipo riwaya nyingi za aina hii zinapovunjika. Mtu ana wasia, ana mjukuu anayempenda, wanakaa nyumba moja. Kwa nini asimwambie? Ukijibu kwamba babu alipenda mafumbo, umemfanya mzee mpuuzi anayecheza na riziki ya yatima.

Tafuta sababu ambayo mtoto wa miaka kumi ataikubali bila kubisha. Katika mfano wetu, Mzee Faki alipata kiharusi. Ulimi ukafa, mkono wa kulia ukafa, akabaki na mkono wa kushoto na macho. Aliishi hivyo mwezi mzima. Wasia alikuwa ameuandika kabla, mbele ya mashahidi wawili, akamwachia mmoja wao auweke, kwa sababu mwanawe mdogo ana madeni na amezoea kupekua sanduku. Alikusudia kusema siku zake zikikaribia, kiharusi kikamuwahi.

Kwa sababu hiyo moja, kila dalili inapata umbo lake. Yote aliyoyaacha ni yale ambayo mtu asiye na ulimi, mwenye mkono mmoja, angeweza kuyafanya akiwa amelala ukumbini huku watu wakiingia na kutoka. Ukikwama baadaye, rudi hapa ujiulize: je, mtu huyu, kwa hali ile, angeweza kufanya hivi? Kama hapana, futa.

Hatua ya 3: Wape watoto miguu

Mtoto wa kijijini hazururi ovyo. Ana skuli, ana madrasa, ana kazi za nyumbani. Usimfukuze mama safarini wala usiwaue wazazi wote ili watoto wapate nafasi. Kuna njia nzuri zaidi, na imo ndani ya msiba wenyewe: eda.

Mjane anakaa eda miezi minne na siku kumi, hatoki ila kwa dharura. Bibi yake Mize ndiye anayemjua marehemu kuliko wote, na ndiye asiyeweza kwenda popote. Kwa hiyo atatuma. "Nendeni kwa Bi Time mkaniletee pishi yangu." "Mpelekeeni sheha barua hii." Kutumwa ni ruhusa ya kupita kila nyumba, kusikia kila mazungumzo, na kuchelewa kurudi. Eda inakupa pia kalenda ya kitabu kizima.

Ndiyo sababu nyingine ya kuchagua 1998: simu za mkononi hazijaenea. Fumbo linalotatulika kwa kupiga simu si fumbo. Ukitaka hadithi ya leo, itabidi uishughulikie simu waziwazi, na tafadhali usitumie "chaji imeisha" zaidi ya mara moja.

Hatua ya 4: Panga dalili kuanzia mwisho

Andika kwanza ukweli wote kama ulivyotokea, ukurasa mmoja, bila kuficha. Kisha rudi nyuma hatua kwa hatua.

Mwisho wa safari, weka mtu. Karatasi peke yake haitoshi mbele ya kadhi, atauliza mashahidi. Kwa hiyo watoto wanachokitafuta, hata kama hawajui, ni shahidi. Wa kwanza amehamia Muscat miaka mingi, kama ndugu wengi wa Pemba walivyohamia. Wa pili ni mvuvi mzee wa pweza, Mzee Kombo, anayekwenda dago (kambi ya wavuvi) kwenye kisiwa kidogo kila bamvua, kwa sababu pweza huvuliwa vizuri maji yakipwa sana na mwamba ukabaki wazi. Wasia anao yeye, kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko. Hajasikia msiba, au amesikia na anaogopa. Hilo la pili lina nguvu zaidi.

Sasa, babu aliyelala ukumbini atamwelekezaje Mize kwa mtu huyu? Ana bao lake. Kila alasiri alicheza naye kwa mkono wa kushoto. Bao la kete lina mashimo 32 na kete 64, na kila upande una shimo moja linaloitwa nyumba. Wiki ya mwisho Mzee Faki alikuwa akihesabu kete 15 na kuzitia kwenye nyumba, kisha anakataa zisichezwe. Watu wakasema akili imekwenda. Tarehe 15 ya mwezi wa Kiislamu ni mwezi mpevu; mwezi mpevu huleta bamvua; bamvua humpeleka Mzee Kombo dago. Mtoto yeyote wa madrasa anaijua hesabu ya mwezi, na mtoto yeyote wa ufukweni anajua bamvua ni nini. Hakuna anayehitaji kuelezwa na profesa.

Hiyo inatupa siku. Tunahitaji jina. Na jina limechongwa chini ya bao lenyewe, kwa herufi za Kiarabu, tangu ujana wa wale marafiki watatu waliolichonga pamoja. Kumfanya Mize aligeuze bao ndiyo kazi, maana bao zito lililojaa kete haligeuzwi bila sababu. Hapa tunaiingiza kanga ya bibi, yenye jina ambalo kila mtu amelisoma na hakuna aliyeliona:

Babu aliivuta tena ile kanga nyekundu kutoka kwenye kamba.
"Bibi, mbona Babu haiachi kanga hii?"
"Muachie mwanangu. Kaninunulia mwenyewe, mwaka ule Bi Asha aliponitukana kisimani. Nikaivaa nikapita mbele ya mlango wake mara tatu."
"Imeandikwaje?"
"Aliye juu mngoje chini. Hakunisemesha tena mpaka Idi."
Mize alicheka, akaikunja. Babu akaikunjua, akaisukuma chini ya bao kwa ncha za vidole, akafumba macho.

Tazama kilichotokea. Dalili imesemwa wazi, neno kwa neno, na msomaji ameipita kwa sababu alikuwa anacheka habari za Bi Asha. Kicheko ni maficho mazuri kuliko giza. Maficho mengine ni orodha: pishi, ungo, bao, kandili, majamvi mawili, kitu muhimu kikae katikati, kamwe kisiwe cha mwisho. Na haraka: sema jambo la maana wakati ambapo mtu anagonga mlango.

Kanuni moja sitaki uivunje. Msomaji lazima awe ameona kila kitu alichokiona Mize, kabla Mize hajatangaza jibu. Ukimfanya mpelelezi wako aokote kitu na kukitia mfukoni bila kutuambia ni nini, mtoto atajiona ametapeliwa, na atakuwa na haki.

Hatua ya 5: Tengeneza karatasi ya uongo iliyo na kosa moja

Kila riwaya ya mirathi inataka mpinzani mwenye hati. Hapa anakuja mfanyabiashara kutoka mjini, mtu mpole sana, na hati ya mauzo inayosema kwamba Mzee Faki aliliuza shamba lote kwa marehemu baba yake. Hati imechakaa, kingo zimeliwa, sahihi ipo. Imeandikwa: "Wete, Pemba, Tanzania, Machi 1962."

Mtoto aliyesoma historia ya skuli ana kila anachohitaji. Tanganyika ilipata uhuru 1961. Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa Januari 1964, Muungano ukafuata tarehe 26 Aprili mwaka huohuo, na jina Tanzania likaanza kutumika rasmi Oktoba 1964. Machi 1962 hakukuwa na nchi inayoitwa Tanzania. Yule bwana ameandika jina ambalo mwaka ule lilikuwa bado halijazaliwa.

Unaweza kupata makosa ya namna hii kwenye fedha pia. Zanzibar iliacha rupia na kuingia shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1936, na shilingi ya Tanzania ilitoka 1966. Au kwenye mti: mkarafuu huchukua miaka kama sita hadi minane kabla ya kuanza kuzaa, kwa hiyo mtu anayedai alipanda na akachuma ndani ya miaka mitatu anasema uongo. Au kwenye saa: tiketi ya boti imeandikwa 7:00 kwa saa za kizungu, shahidi anasema alimuona mtu akishuka saa saba, na wote wanadhani ni wakati mmoja. Chagua kosa moja tu. Yakiwa manne, mwongo wako anakuwa mjinga, na hakuna utamu wa kumshinda mjinga.

Mweke mwalimu wa historia akilisema jambo lile la Oktoba 1964 mapema, sura ya pili, darasani, siku ambayo Mize hasikilizi kwa sababu ameitwa nyumbani. Msomaji anasikia, yeye anasikia nusu.

Kagua na umri. Mzee Faki aliyezaliwa 1930 alikuwa na miaka 32 mwaka 1962. Angeweza kuuza shamba. Ukisogeza hadithi hadi leo, hesabu hiyo inaharibika.

Hatua ya 6: Washukiwa

Watatu wanatosha. Kila mmoja awe na haja yake, na angalau mmoja awe mtu ambaye msomaji anampenda. Ami mdogo mwenye madeni aonekane mbaya tangu mwanzo. Ndiye atakayekuwa hana hatia ya lile kubwa. Ana hatia ya dogo: alilipekua sanduku, hakupata kitu, anaona haya. Usimfanye yeyote mchawi wala jambazi wa kuchorwa. Mwisho wa kitabu watu hawa watakula sahani moja siku ya Idi, na lazima iwezekane.

Hatua ya 7: Hatari ya kiasi chao

Kuvuka kwenda kisiwani kwa miguu wakati wa bamvua kunatosha kabisa. Maji hupwa na kujaa kwa takriban saa sita sita, na kwenye bamvua tofauti ya kina pwani ya Zanzibar hufika mita nne hivi. Watoto wanaochelewa kwa sababu Mzee Kombo hataki kusema watakuta njia waliyojia imefunikwa. Hapo huhitaji bastola. Unahitaji maji ya magotini, kisha ya mapajani, na Makame asiyejua kuogelea vizuri na hajawahi kukiri.

Tafuta mtu wa pwani akueleze mwamba ule unavyokuwa chini ya mguu: wapi kuna shokomzoba wenye miiba, wapi matope yananyonya, maji yanaanza kurudi kutokea upande gani. Kama hujawahi kutembea juu yake, nenda ukatembee. Ukurasa huu hauandikwi kutoka mezani. Na watoto waokolewe kwa jambo walilolifanya wenyewe mapema, kwa mfano kumwambia Bibi wanakokwenda. Mtu mzima asitokee tu na ngalawa kutoka hewani.

Hatua ya 8: Urefu na lugha

Maneno elfu ishirini hadi thelathini, sura fupi, kila sura iishie mahali ambapo mtoto atasema "moja tena." Lugha ya masimulizi iwe Kiswahili sanifu, mazungumzo yabebe ladha ya mahali: ami, skuli, mie, nyie. Usiwajaze Wapemba maneno ya Dar es Salaam. Neno gumu kama eda au thumuni, lieleze ndani ya mazungumzo, bibi akimjibu mjukuu.

Hatua ya 9: Wasomee watoto, ukiishia kabla ya mwisho

Chukua rasimu, kaa na watoto wachache wa umri ule, uwasomee kwa sauti siku kadhaa. Simama sura moja kabla bao halijageuzwa. Mpe kila mmoja kijikaratasi aandike mambo mawili: nani mwongo, na babu alitaka kusema nini. Wasioneshane.

Wote wakipata jibu, umeweka taa juu ya dalili. Kapunguze, hasa kule kwenye kete 15. Asipopata hata mmoja, hujaficha vizuri, umeficha kupita kiasi. Rudi kwenye kanga, mfanye Babu aisukume mara ya pili, sura nyingine, mbele ya mtu mwingine. Akipata mmoja au wawili na wengine wakapiga kelele "kumbe!" baada ya kusomewa jibu, acha hapo hapo. Andika pia mahali walipoanza kucheza na vidole vyao. Kurasa hizo huwa ni zako za maelezo ya sheria. Zikate, hata kama ulizitafutia ukweli kwa taabu.

Baada ya hapo ndipo utafute mhariri na mchapishaji. Tanzania, Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu nayo imefungua mlango kwa hadithi za watoto. Soma masharti ya mwaka husika kuhusu urefu na umri kabla hujatuma. Upeleke muswada ukiwa na muhtasari wa ukurasa mmoja unaosema wazi nani alighushi hati na wasia ulikuwa wapi, kwa sababu mhariri si msomaji wako, na yeye hataki kukisia.